Mkalimani wa Nje ya Dirisha

Kama hukunisoma wiki iliyopita, hujakosa kitu ila aibu yangu. Mimi ni Justina Thiessen, Mmenoniti, Mkristo wa jamii inayozungumza Kijerumani, wa magharibi mwa Kansas, Marekani, umri miaka kumi na tisa, darasa la tano sikulimaliza. Nina mimba ya miezi mitatu ya Bernhard Redekop.

Bernhard alipomweleza mama yake, kesho yake asubuhi alipandishwa basi kwenda Mexico, kwa ami zake wa Chihuahua, eti akasaidie kuchuma matufaha. Huo ulikuwa mwezi wa nne. Matufaha ya Chihuahua huchumwa mwezi wa tisa.

Mama yake Bernhard ni Shangazi Greta. Si shangazi yangu wa damu. Kwetu kila mwanamke aliyekuzidi umri na sauti ni shangazi yako.

Mumewe, Mzee Isbrand, ni mmoja wa wanaume watatu watakaopigiwa kura ya uhubiri Jumapili ya Pentekoste. Mhubiri lazima nyumba yake iwe safi. Na uchafu wa nyumba ya Mzee Isbrand ulikuwa tumboni mwangu.

Niliwaambia kwamba tunaishi kwenye uwanja wao, katika nyumba yao ya mabati yenye magurudumu yasiyozunguka. Baba anachomelea vyuma kwenye karakana yao, na mgongo wake uliovunjika.

Wasomaji wengine wameandika kuuliza Shangazi Greta alinitishaje. Hakunitisha. Alinikaribisha kahawa, akanisogezea bakuli la mbegu za alizeti, akaniambia:

"Hakuna anayekulazimisha, binti yangu. Ila ile nyumba mnayokaa nitaihitaji Jumamosi. Na huo mgongo wa baba yako, sijui nani mwingine ataupa kazi. Wewe fikiria tu. Kliniki iko Wichita, nitakupeleka mwenyewe."

Akatema maganda ya mbegu kwenye kiganja, taratibu, kama mwanamke mwenye adabu.

"Hakuna anayekulazimisha," akarudia.

Mimi nilimtaka mtoto wangu. Nalisema hapa kwa sababu siku ile sikulisema. Nilijibu, "Sawa, Shangazi," nikamuoshea vikombe.

* * *

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yanapochekesha.

Mwaka uliotangulia, Shangazi Greta na akina mama wa kanisa lake walikodi basi zima wakaenda Topeka, makao makuu ya jimbo. Walikwenda kuwashinikiza waheshimiwa wapitishe sheria: mtu yeyote akimtisha mwanamke ili atoe mimba, awe mume, mzazi au mwajiri, ashtakiwe.

Walibeba mabango. Walibeba na vikapu vya mikate myororo ili waheshimiwa wasisikilize wakiwa na njaa.

Mikate ile niliikanda mimi. Nilianza saa kumi alfajiri, jikoni kwa Shangazi Greta, mpaka mikono ikafa ganzi.

Sheria ikapita. Picha ya Shangazi Greta akiwa kwenye ngazi za bunge ikabandikwa kwenye mlango wa friji yake. Bango lake linasema: ASIWEPO MWANAMKE WA KULAZIMISHWA. Siku aliponisogezea mbegu za alizeti, friji ile ilikuwa nyuma ya kichwa chake. Alinilazimisha chini ya picha yake mwenyewe.

* * *

Tuliondoka Jumatano asubuhi. Nyumbani nilikuwa nimesema naenda Wichita kung'olewa jino.

Mama alinifungia chakula. Alifunga haraka haraka, hakunitazama usoni.

"Fanya anachokuambia Shangazi Greta," alisema.

"Sawa, Mama."

"Usibishane naye. Tukitolewa hapa tutalala wapi watu tisa?"

Nilishangaa kidogo jinsi jino langu linavyoweza kutuondoa nyumbani. Lakini Mama ana hofu za kila aina, nikadhani ni mojawapo. Nikachukua mfuko, nikapanda pikapu.

Njia nzima Shangazi Greta aliimba nyimbo za kanisa. Sauti ya pili. Ya kwanza ilibidi niimbe mimi.

* * *

Nje ya kliniki kulikuwa na watu kama kumi na wawili wenye mabango na kipaza sauti. Shangazi Greta alipowaona alijifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake cheusi, akazungusha pikapu mpaka ubavuni mwa jengo.

"Watu gani hawa wa kusumbua wenzao," alisema. Yeye. Mwenye basi zima la Topeka.

Ndani tulipokelewa na muuguzi mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Beji yake ilisema Corliss.

"Nani mgonjwa?"

"Huyu," alisema Shangazi Greta kwa Kiingereza chake kizuri. "Hajui Kiingereza. Nitaingia naye."

"Hapana, mama. Hapa tunamuona mwanamke peke yake kwanza. Ni utaratibu."

"Lakini hajui..."

"Tuna mkalimani wa simu. Mnazungumza lugha gani?"

Shangazi Greta aliangalia dari. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Kijerumani. Kile chetu cha mashambani."

"Ooh, Wamenoniti! Tunao mkalimani wa hiyo. Subiri kwenye gari, mama, hatutakaa sana."

Nilimuona Shangazi Greta akitoka. Nilidhani atatembea kwa huzuni. Alitembea haraka, mkono tayari uko mfukoni mwa aproni.

* * *

Naomba niwaeleze jambo moja, halafu tuendelee.

Upande wetu wa jimbo, mkalimani wa lugha yetu ni mmoja. Yeye ndiye alitafsiri siku Mama alipomzaa mdogo wangu Sara. Yeye ndiye alitafsiri siku baba alipoangukiwa na mtambo, na siku kaka yangu alipougua ugonjwa ambao hatuutaji. Siri zote za ukoo wa Thiessen zilipita kwanza kwenye mdomo wake ndipo zikafika kwa daktari.

Corliss alibonyeza namba, akaweka simu mezani ili sote tusikie. Muziki ukalia. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani. Chini yangu, hatua kama kumi tu, nilikuwa naiona pikapu ya bluu, kioo kimeshushwa.

Muziki ukakatika.

Kwenye pikapu, Shangazi Greta aliinua simu akaiweka sikioni.

"Mkalimani namba mia nne na kumi na mbili," ilisema simu ya mezani. "Niwasaidie nini leo?"

Mdomo wake ulikuwa unachezacheza pale kwenye pikapu, na sauti yake inatokea hapa mezani.

Jamani, nilitaka kucheka. Nilitaka na kutapika. Nikakaa kimya, kama kawaida yangu.

"Asante, mkalimani," alisema Corliss. "Mwambie mgonjwa kwamba tuko peke yetu, na kila atakachosema ni siri."

"Justina," ilisema simu kwa lugha yetu, "mimi niko hapa. Ninakuona."

"Sasa muulize kama kuna mtu yeyote anayemtisha au anayemlazimisha kutoa mimba hii."

"Anauliza umekuja kwa hiari yako? Sema ndiyo. Kumbuka mgongo wa baba yako."

Nikasema ndiyo. Neno moja tu.

"Anasema amekuja kwa hiari yake mwenyewe," alitafsiri Shangazi Greta, "ameomba sana, amefikiri sana, na anamshukuru Mungu kwa huduma yenu nzuri."

Corliss alining'iniza miwani kifuani. "Amesema yote hayo?"

"Lugha yetu ni fupi."

Hapa lazima niungame. Kiingereza nakisikia. Miaka mitatu nimesafisha meza katika hoteli ya pale barabarani, na jioni nasikiliza wadogo zangu wakisoma vitabu vyao vya shule. Nakisikia chote. Kukisema ndiko kunanishinda. Mtu akinitazama, maneno yanarudi tumboni. Basi nililielewa swali la Corliss lilivyoulizwa, na nikalijibu lilivyotafsiriwa.

"Muulize," alisema Corliss pole pole, akinitazama mimi na si simu, "yeye mwenyewe anataka nini."



"Anauliza kama una mzio wa dawa yoyote," ilisema simu.

Nikatikisa kichwa.

"Hataki kuzaa," alitafsiri Shangazi Greta.

"Ametikisa kichwa tu. Wewe umejuaje, na hapo ulipo humuoni?" aliuliza Corliss.

Shangazi Greta alikuwa ananitazama kupitia kioo cha pikapu, simu sikioni, uso umemshuka. Alifumbua mdomo kujibu.

Lakini aliyejibu hakuwa yeye.

* * *

Kutoka kona ya jengo alitokea mama mmoja mrefu mwenye bango na koti la mvua. Nilimjua mara moja. Alikuwa kwenye picha ya friji, wa pili kutoka kushoto. Anaitwa Wilma, ndiye aliyekodi basi la Topeka.

Aliiona pikapu. Akamuona aliye ndani yake. Akatupa mikono juu.

"DADA GRETA! BWANA ASIFIWE!"

Sauti ilikuja kwa njia mbili. Iliingia dirishani, na iliingia kwa simu ya mezani, moja nyuma ya nyingine, kama mwangwi kanisani.

Corliss akageuza shingo kuelekea dirisha. Halafu akageuza kuelekea simu.

"Mkalimani," alisema, "uko mahali pa faragha?"

"Ndiyo, ndiyo. Niko ofisini kwangu, peke yangu."

"UMEKUJA KUSIMAMA NASI!" ilipiga kelele simu. "Shuka, mpenzi, shuka! Chukua bango langu, mkono wangu umechoka!"

"Subiri kidogo, Wilma, niko kwenye..."

"Ona lilivyo zuri! Ni lile lile lako la Topeka, nimelihifadhi mwaka mzima!"

Basi nikamuona Shangazi Greta, mkalimani namba mia nne na kumi na mbili, akivutwa kutoka kwenye pikapu. Mkono mmoja una simu. Mkono wa pili ukawekewa bango. ASIWEPO MWANAMKE WA KULAZIMISHWA. Alisimama chini ya dirisha langu, akanitazama kwa macho ya kuniua, bango likiwa juu ya kichwa chake.

Corliss alikata simu.

Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yetu yakakaribiana.

"Mwanangu," alisema. "Unamjua yule mama?"

Nilitazama viatu vyangu. Nikafikiri: nikinyamaza tena, hakuna atakayenilazimisha tena baada ya leo. Hakutakuwa na cha kulazimishia.

"Yeye alinileta," nilisema. Kwa Kiingereza.

Corliss hakushtuka. Alingoja.

"Nyumba ni yake. Baba kazi kwake." Maneno yalikuwa yanatoka kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba. "Mimi nataka mtoto."

"Unamtaka mtoto."

"Nataka."

"Basi hapa leo hakuna atakayekugusa," alisema. Akanipa karatasi ya kufutia macho. Kumbe nilikuwa nalia. "Alichokufanyia ni kosa la jinai katika jimbo hili. Kuna sheria. Ukitaka nitawaita polisi. Usipotaka, sitawaita. Uamuzi ni wako."

Na sasa naungama lile lililonifanya niandike hadithi hii.

Ningeweza kusema, hapana, nirudisheni nyumbani tu. Sisi hatushitakiani. Ndugu hampeleki ndugu mbele ya hakimu. Hilo nimefundishwa kabla sijajua kufunga viatu. Lakini nilichungulia dirishani, nikamuona Shangazi Greta na bango lake, nikaionea utamu ile sheria. Ile niliyoikandia mikate.

Nikasema, "Waite."

Nilisema kwa furaha. Mungu anisamehe, nilisema kwa furaha.

* * *

Polisi walikuja wawili. Shangazi Greta alipowaona alidhani wamefuata kelele za kipaza sauti, akajisogeza mbele kuwaeleza haki za waandamanaji.

"Wewe ndiye Margaretha Redekop?"

"Ndiyo, afande, na tuna kibali cha..."

"Tunaomba uje nasi."

Dada Wilma akakishika kipaza sauti. "WANAMKAMATA GRETA! WANAMKAMATA KWA AJILI YA IMANI YAKE!"

Wote kumi na wawili wakaanza kuimba. Mmoja akapiga picha. Nimeambiwa picha hiyo imezunguka makanisa mengi, na Shangazi Greta anaombewa kwa jina mpaka Nebraska.

Alipopita chini ya dirisha alinyanyua uso. Nilingoja matusi. Hakutukana. Alisema kwa lugha yetu, taratibu, kama siku ile ya mbegu:

"Haya, Justina. Waambie basi. Ila ukianza kusema, sema mpaka mwisho."

Sikuelewa. Nikadhani ni kiburi.

* * *

Askari aliyebaki nami aliitwa Tolliver, kijana mwenye masikio mekundu. Corliss alitupa chumba chenye meza ndogo. Tolliver alitafuta mkalimani mwingine kwa simu, safari hii wa mbali kabisa, mama mmoja wa Kanada mwenye sauti ya kibibi. Kabla ya yote Tolliver alimuuliza kama ananijua mimi au Shangazi Greta. Hakumjua yeyote.

"Inua mkono wa kulia uape," alisema Tolliver.

"Sisi hatuapi," nilisema.

"Hawaapi," alieleza mama wa Kanada. "Watu wetu husema tu kweli."

"Basi aseme kweli," alisema Tolliver, akaandika.

Nikamweleza. Mbegu za alizeti, nyumba, Jumamosi, mgongo wa baba. Maneno yalikuwa yanakuja sasa. Kila nilichosema mama wa Kanada alikisema vile vile, bila kuongeza shukrani kwa Mungu. Mtoto alikuwa salama. Nilijiona mtu.

Askari mwenzake akagonga mlango, akaleta mfuko wangu kutoka kwenye pikapu.

"Una njaa?" aliuliza Tolliver. "Kula tu. Bado maswali machache."

Nilikuwa sijala tangu jana. Nikafungua.

Juu kabisa kulikuwa na mikate midogo ya kukaushwa. Ile Mama anayoikausha katika oveni mpaka inakuwa migumu kama kokoto, ambayo hata baba huichovya kwanza kwenye kahawa.

Nikautazama ule mkate. Nikajishika shavu, upande ule niliodanganya unauma.

Hakuna mama anayemfungia mikate ile mtoto anayekwenda kung'olewa jino.

Chini yake kulikuwa na chupa ya kutunza joto, ndani supu ya kuku na tambi, yenye harufu ya viungo, bado vuguvugu. Supu ile kwetu haipikwi siku ya kawaida. Hupelekewa mwanamke aliyelala kitandani, aliyezaa au aliyeharibikiwa.

Chini ya supu kulikuwa na vitambaa vitatu vya flaneli, vikuukuu, vilivyofuliwa na kupigwa pasi. Vilikunjwa kwa namna ambayo mwanamke yeyote anajua ni vya nini.

*Fanya anachokuambia Shangazi Greta. Tukitolewa hapa tutalala wapi watu tisa?*

Alijua. Labda aliambiwa kabla yangu. Labda walikaa pamoja mezani, chini ya ile picha, wakapanga siku.

Aliponihimiza, hakuwa anasema habari ya jino.

"Mwambie," Tolliver alikuwa anasema, "sheria haimgusi mtu mmoja tu. Yeyote aliyemsukuma kwa vitisho, hata kama ni wa nyumbani kwake, anaingia. Muulize kama zaidi ya Bi Redekop kuna mtu mwingine aliyemwambia afanye hivi, asije akafukuzwa."

Mama wa Kanada akatafsiri. Neno kwa neno, kwa uaminifu wote.

Nilisikia nje Dada Wilma akiimba bado.

"Justina?" ilisema simu. "Umenisikia, mwanangu?"

Nikaweka ule mkate mdomoni, nipate sababu ya kunyamaza. Nikauma. Ukavunjika kwa kelele, chumba kizima kikasikia.

Tolliver alinong'ona kitu kuelekea simu, akasogeza kalamu mpaka mwanzo wa mstari mpya.

"Anasema usiogope," ilisema simu, kwa upole ambao sijausikia tena tangu siku ile. "Anasema hakuna anayekulazimisha."